Usalama wa Mtandao ni wa Nani?

WhatsApp ilipozuiwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, waliokuwa wakipokea oda humo walikimbilia VPN. Oktoba 2023 TCRA ikamtaka kila ambaye kazi yake inahitaji VPN aisajili ifikapo tarehe 30. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinatishia faini isiyopungua shilingi milioni 5. Kampuni ya Dar es Salaam humwachia mwanasheria wake. Mnunuzi wa maharage wa Kabanga, Ngara, au muuza nguo wa Nyakanazi, Biharamulo, ambaye ofisi yake ni simu moja, amwachie nani? (Mimi mwenye shahada ya uzamivu nimezisoma kanuni hizo mara mbili.) Hatari aijuayo yeye ni ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, nao ungali unaingia.