"Erthi" ya Gari na "Erthi" ya Nyumba

Katika vijiji vingi vya Milima ya Usambara, umeme wa kwanza kuingia nyumbani haukutoka kwenye nguzo ya TANESCO. Ulitoka kwenye betri ya gari. Kwa miaka mingi mwananchi wa Mlalo, Mtae au Bumbuli aliyetaka kusikiliza redio na kuwasha taa mbili usiku alibeba betri yake hadi mahali pa kuchaji, na baadaye akapandisha paneli ya jua juu ya bati. Nyaya alizitandaza mwenyewe, au alimwita kijana ajuaye kutengeneza taa za malori yanayoteremsha kabichi na karoti kwenda Mombo. Hapakuwa na ubaya mkubwa katika hilo. Ubaya umekuja baada ya nguzo kufika, kwani mikono ni ile ile na mazoea ni yale yale.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimepanda milima ambako zamani hata barua ilichelewa. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini imewekwa chini, shilingi 27,000, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini ada hiyo haihusu nyaya za ndani ya nyumba. Hizo ni juu ya mwenye nyumba. Hapo ndipo mwalimu au karani mwenye mshahara wa kuhesabia anaposhawishika kumtafuta fundi wa bei nafuu, ama kupanda ngazi yeye mwenyewe na koleo mkononi.

Hatusemi kwamba umeme wa gari ni mchezo. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5 kutoka kwenye betri ya volti 12, hali taa ya wati hizo hizo huvuta kama robo ya ampea tu kwenye volti 230 za nyumbani. Kwa hiyo waya uliotosha sebuleni waweza kuungua ndani ya gari. Spana ikiangukia vichwa viwili vya betri huiva kama chuma cha mhunzi, na anayefunga waya mtupu mahali pa fyuzi iliyokatika anajitafutia moto chini ya dashibodi. Lakini volti 12 hazipenyi kirahisi ngozi ya binadamu. Volti 230 hupenya, na mkondo wa sehemu chache tu za mia moja za ampea waweza kuuvuruga moyo hadi ukasimama. Aidha, Usambara ni nchi ya ukungu na mvua, yenye sakafu za udongo zilizo na unyevu na watoto wanaotembea pekupeku.

Hata hivyo, hatari inayotutia wasiwasi zaidi ni neno moja. Fundi wa magari husema "erthi" akimaanisha bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Bila ya erthi hiyo taa haiwaki. Nyumbani umeme hurudi kwa waya wa nyutro. Erthi ni mlinzi anayekaa bila kazi hadi siku ya hitilafu. Fundi aliyezoea gari akiona taa inawaka bila ya waya huo, huuacha kama upuuzi wa kuongeza gharama. Mwingine, kwa ubaya zaidi, huutumia kurudishia umeme, naye mtu akigusa chuma kilichounganishwa nao, wakati fimbo yake imelegea ardhini, ndiye anayekuwa njia.

Ndivyo ilivyo kwa swichi pia. Katika magari mengi swichi ya taa ya mlangoni hukata upande wa bodi, wala hakuna anayedhurika. Mazoea hayo yakipelekwa nyumbani, swichi itakata nyutro na kuuacha waya wa moto ndani ya kishikio cha taa. Taa itazimika vizuri kabisa. Mama mwenye nyumba atapanda kiti kubadili globu, akiamini amekwisha kuzima.

Twaomba wasomaji wetu wasilipite jambo hili haraka: gari hulalamika mapema, hunuka moshi, hugoma kuwaka. Kosa la ndani ya ukuta laweza kunyamaza miaka kumi. Taa kuwaka si ushahidi wa kazi njema.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeweka utaratibu, na EWURA hutoa leseni kwa mafundi. Lakini muhuri wa mwenye leseni waweza kugongwa kwenye fomu na mtu ambaye hajaiona nyumba, na mwenye nyumba asiyemwona fundi huyo akipima nyaya kwa chombo ana haki ya kukataa kulipa.

Wala fundi wa magari asidhani kwamba yeye yu salama katika karakana yake. Magari ya Kijapani yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, kama Toyota Prius, hubeba betri kubwa ya zaidi ya volti 200, na nyaya zake hutiwa rangi ya machungwa kwa onyo. Humo mazoea ya volti 12 hayafai kitu.

Tunadhani mtu asiye fundi aweza kuachiwa taa na honi za gari lake, mradi afungue kwanza waya wa hasi wa betri na kurudisha fyuzi ya kipimo kile kile. Nyumbani abadili globu baada ya kuzima swichi kuu, basi. Walimu wa fizikia wa Lushoto, ambao kidato kwa kidato hufundisha mkondo wa umeme kwa betri ndogo na vijibalbu, wangefanya vema kuongeza kipindi kimoja juu ya swichi iliyokata nyutro, wakiionyesha kwa betri hizo hizo na kipima volti. Wanafunzi wao ndio watakaoitwa kesho kutandaza nyaya za jirani.