Vua koti, bosi

Februari, jijini Dar es Salaam, ingia ofisi yoyote kubwa kuanzia Posta hadi Mikocheni. Nje joto linagonga nyuzi 32 na shati limeganda mgongoni. Ndani, dada wa mapokezi kavaa sweta na mtandio juu yake. Rimoti ya kiyoyozi inasoma 18. Madirisha hayafunguki.

Yaani tunanunua umeme ili watu watetemeke.

Anayeamua nyuzi ngapi si dada wa mapokezi. Ni bosi, na bosi kavaa suti na tai. Vazi lile lilishonwa kwa ajili ya nchi za baridi; ukilivaa kaskazi inapovuma, huna budi kuigeuza ofisi nzima iwe London. Wajapani waliliona hilo mwaka 2005. Serikali ya Waziri Mkuu Koizumi iliagiza viyoyozi vya ofisi zake viwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi waache koti na tai. Mwenyewe akaanza kutokea hadharani bila tai. Kenya ilikwenda kinyume: Novemba 2023, Spika Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda, zinazovaliwa bila tai, bungeni. Nairobi ina baridi yake, tuwasamehe.

Kwa unyevu wa pwani, 28 hatuziombi. Nyuzi 25 zinatosha, panga boi likizunguka juu. Panga boi hula wati 70 hivi. Kiyoyozi cha kawaida cha ofisini hupita 1,000. Upepo wa panga boi hukausha jasho, na mwili huhisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu ambazo kiyoyozi hakikuzigharamia. Lakini zilipokuja dari za jipsamu na taa za urembo, panga boi likaonekana ushamba. Na wale wanaobonyeza 16 wakidhani chumba kitapoa haraka wajue kwamba kiyoyozi cha kawaida hakiongezi kasi kwa kubonyezwa. Kinachoongezeka ni muda wa kuunguruma.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilifanyika kabla bosi hajapewa ofisi. Jua letu huchomoza mashariki na kuzama magharibi karibu mwaka mzima bila kuyumba sana, na kuanzia saa tisa alasiri hupiga ukuta wa magharibi kwa ubapa. Hapo ndipo tunaposimamisha vioo kutoka chini hadi ghorofa ya mwisho. Kioo hupitisha jua, joto likishaingia halitoki, kisha tunaita fundi aongeze kiyoyozi kingine. Wazee wa Upanga walijengewa varanda pana na kuta za matofali yenye matundu. Msanifu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli ya zege na kuacha upepo upite chini yake. Hakuna aliyemwambia ni mshamba.

Anayeomba kibali cha ujenzi huulizwa maegesho na ngazi za dharura. Halmashauri zimuulize pia: kivuli cha upande wa magharibi kiko wapi, na madirisha yanafunguka? Asiye na jibu arudi kwa msanifu wake.

Sheria huchukua muda. Bosi anaweza kuanza kesho asubuhi: koti alitundike nyuma ya mlango, rimoti amkabidhi dada mwenye sweta.