Taarifa ya Saa Moja Inapotupita, Tuifuate Wapi?

Kila siku saa moja usiku, vituo vyetu vikubwa vya runinga hufungua taarifa ya habari kwa Kiswahili. Hapa Mombasa, saa hiyo hiyo ndimo inamoingia Isha, mwaka mzima. Mtu ametoka kuswali Maghrib, hajakaa vizuri, mara adhana. Ramadhani ndiyo kabisa, maana baada ya Isha kuna tarawehe. Ukirudi nyumbani taarifa ya Kiswahili imekwisha, na inayofuata ni ya saa tatu, kwa Kiingereza.

Sisemi habari zihamishwe kwa ajili yetu. Swala ina wakati wake na runinga ina ratiba yake. Lakini siku hizi kila kituo kina tovuti, na faida moja kubwa ya tovuti ni kwamba kipindi kilichokupita unaweza kukikuta baadaye. Swali ni kama kweli tunakikuta.

Juzi mamangu, ambaye amepindukia miaka sabini, alisikia kwa jirani kwamba taarifa ya jana yake ilizungumzia hati za ardhi za huku kwetu. Akaniambia, "Nitafutie mwanangu, niione mwenyewe." Nikashika simu. Kituo sitakitaja, kwani si peke yake. Tovuti ilifunguka na habari za kusoma, zote za Kiingereza. Tangazo la biashara likafunika nusu ya kioo, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nilipobonyeza palipoandikwa video, nikapelekwa YouTube. Huko nikakuta vipande vingi vya wanasiasa wakirushiana maneno, vichwa vyake kwa Kiingereza, na taarifa ya Kiswahili imefukiwa chini. Nilipoipata, ilikuwa ya karibu saa nzima bila alama ya kuonyesha habari gani iko dakika ya ngapi. Nikawa napeleka mbele, narudisha nyuma, mpaka bando likaisha. Mamangu alikuwa ameshalala.

Tutazame wenzetu wanavyofanya. BBC ya Uingereza ilizindua huduma yake ya iPlayer siku ya Krismasi mwaka 2007. Mwanzoni vipindi vilikaa siku 7, mwaka 2014 vikawa siku 30, na mwaka 2019 msimamizi wa utangazaji wa nchi hiyo akaruhusu vingi vikae hadi mwaka mzima, ingawa taarifa za habari zenyewe huondolewa mapema zaidi. Muhimu kwetu hapa ni mpangilio wake. Waweza kutafuta kwa kituo, kwa aina ya kipindi au kwa herufi. Ukikatizwa, inakumbuka ulipoishia. Asiyesikia ana maandishi chini ya picha na vipindi vyenye mkalimani wa lugha ya ishara, na asiyeona ana vipindi vyenye sauti inayomweleza picha. Hakuna matangazo ya biashara.

Channel 4 ilitangulia BBC, mwaka 2006, na ITV ilizindua ITVX mwishoni mwa 2022. Hizi hazitozi kitu, ila utatazama matangazo, na usiyeyataka unalipa kila mwezi yaondolewe. Hata hivyo, kipindi unakikuta ndani ya nyumba ya kituo chenyewe, si kwa jirani.

Mtu atasema, na ni haki yake, kwamba BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni ambayo kila nyumba yenye kutazama hulipa, ilhali vituo vyetu vinaishi kwa matangazo. Kujenga hifadhi yako ya video ni gharama kubwa. YouTube inabeba mzigo huo bure, inakigawia kituo pato la matangazo, na hata mtoto wa darasa la tatu anajua kuitumia. Nakubali. Lakini YouTube imepangwa ili usiondoke, ukimaliza hiki ikuletee kile. Aliyekuja kutafuta habari moja anaweza kumaliza usiku kwenye ugomvi wa watu asiowajua. Ndiyo maana kituo kinapaswa kumshika mtazamaji mkono tangu mlangoni.

Na hilo halihitaji mamilioni. Kwanza, ukurasa wa kwanza wa tovuti uwe na mlango mmoja usiohama, ulioandikwa Taarifa ya Kiswahili, na ndani yake siku zimepangwa kwa tarehe. Pili, chini ya kila video iandikwe orodha ya habari na dakika zake. YouTube inaruhusu hilo tayari, na ni kazi fupi kwa mhariri mmoja. Tatu, iwekwe sauti peke yake, kwa wale wasio na bando la kutosha. Nne, mkalimani wa ishara asikatwe kwenye vipande vinavyopakiwa, maana sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo viwe na mkalimani au maandishi katika taarifa za habari.

KBC ndiyo ingefaa kuonyesha njia, kwa kuwa ni shirika la umma, na Katiba yetu, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Hili si la starehe. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ilizimwa na tukanunua ving'amuzi kwa pesa zetu, tukiambiwa teknolojia mpya itatufungulia mengi. Leo anayekosa taarifa ya saa moja huipata kwa WhatsApp, kipande cha nusu dakika kilichokatwa na asiyejulikana, na maneno ya juu ameyaongeza yeye. Katika jambo la ardhi, huku Pwani, tunajua kipande kama hicho kinaweza kuzua nini.

Mamangu bado hajaiona ile habari. Jirani mmoja amemwambia hati zinatolewa, mwingine kamwambia zinafutwa. Mimi nimenunua bando jingine, na leo baada ya Isha nitakaa tena kuitafuta.