MAWE YATUNZE JOTO LA JUA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya vikaushio vya jua vinavyohimizwa vijijini. Nia yake ni njema. Vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara vinatosha kutuonyesha kwamba kukausha mahindi na karanga si jambo la mzaha. Lakini vikaushio vya kawaida vina kasoro moja: jua likizama navyo vinalala. Usiku unyevu unaingia, na chakula kilichoanza kukauka kinafyonza maji tena. Kuvu haingoji kukuche.

Dawa yake ni mawe. Kila mama anajua kwamba mafiga hubaki ya moto muda mrefu baada ya kuni kuzimika. Basi lile sanduku la chini la kikaushio, lenye kioo au nailoni, litandazwe kokoto za mtoni zilizooshwa na kupakwa rangi nyeusi. Zilingane ukubwa, na zisichanganywe na mchanga, maana mchanga utaziba njia ya hewa. Jioni kioo kifunikwe kwa mkeka mnene ili joto lisitorokee juu. Hewa ya usiku itapita katikati ya mawe, itapata joto na kupanda hadi kwenye mazao.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Hesabu iko hivi: tani moja ya mawe ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 hutoa joto linalolingana na uniti 7 za umeme. Joto hilo lote likitumika laweza kutoa kama lita 10 za maji katika mazao. Tukikadiria kwamba nusu inapotea, zinabaki lita 5. Gunia la kilo 100 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 linahitaji kupoteza lita 8 tu kufikia asilimia 13. Ni kweli maji hutunza joto zaidi kuliko mawe, lakini maji yanataka tangi lisilovuja, na tangi ni fedha. Kokoto tunazikanyaga kila siku.

Sisemi kwamba mawe yanazalisha joto, la hasha. Yanatunza lile lililokusanywa mchana, kwa hiyo kioo lazima kiwe kikubwa zaidi, na hapo ndipo gharama ilipo. Hata wenzetu wa Ufini, wasiokosa fedha za mitambo, mwaka 2022 walianza kutunza joto katika tangi lenye tani kama 100 za mchanga mjini Kankaanpää.

Ushauri wangu kwa maofisa ugani ni kwamba kikaushio kimoja cha mawe kijengwe katika kila kata, kando ya kile cha kawaida. Mazao yapimwe unyevu alfajiri katika vyote viwili, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mavuno yajayo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.