Mada ya Projekti Iko Kisimani
Mwaka wa tatu ukifika, utawasikia wenzetu kwenye jumuiya za programu huria: "Jamani, naombeni aidia ya projekti." Mimi nasema tuanzie nyumbani. Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam walipita mitaani kukusanya data za Ramani Huria, zikaingizwa OpenStreetMap, kwa sababu mafuriko yalikuwa yanaua watu.

Handeni shida ya maji tunaijua tangu utotoni. Likizo hii, pita vijijini mpaka Korogwe, andika kisima kipi kinatoa maji na kipi kimekufa. Halafu iendee jumuiya na data zako, uulize: "Nizipangeje?" Hapo utajibiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.