UCHAMBUZI: Kukesha vitabuni kwawahadaa watahiniwa wa KCSE

MUHULA wa tatu unapowadia, taa za madarasa katika shule nyingi za mabweni huwashwa alfajiri kabla ya jogoo kuwika, na huzimwa usiku wa manane ukikaribia. Muda huo wote mtahiniwa wa Kidato cha Nne huwa ameinamia daftari, akisoma maelezo yale yale kwa mara ya tano au ya sita na kupiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi aionayo kuwa muhimu.

Mzazi akimwona hivyo huridhika. Mwalimu naye huridhika. Lakini anayeridhika zaidi ni mwanafunzi mwenyewe, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka wa 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilinganisha mbinu mbili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu katika vipindi vinne. Kundi la pili lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kila lililokumbuka bila kukitazama.

Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja ilipopita, mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, ilhali wenzao walikuwa na 61. Ajabu ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Imani hiyo ndiyo inayowaponza watahiniwa wetu. Maelezo yaliyosomwa mara nyingi huzoeleka machoni, na mazoea hayo hudhaniwa kuwa ujuzi. Katika chumba cha mtihani daftari halipo. Kilichopo ni swali tu, na jibu sharti litoke kichwani.

Hisabati nayo ina mtego wake. Mwaka wa 2007, Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliofunzwa kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi ya umbo moja hadi likaisha ndipo wakahamia jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maumbo walipata 60. Walipotahiniwa wiki moja baadaye, kundi la kwanza lilianguka hadi asilimia 20, la pili likapata 63.

Sababu si ngumu kuiona. Anayefanya maswali 20 ya mada moja anajua kanuni ya kutumia kabla hata ya kusoma swali. KCSE haimpi msaada huo. Humchanganyia mada mbalimbali katika karatasi moja na kumwachia kazi ya kutambua ni kanuni ipi inayohitajika, kazi ambayo vitabu vingi vya kiada, vilivyopangwa mada baada ya mada, havimzoezi.

Baadhi ya walimu watajibu kwamba shule zao hutoa karatasi za majaribio karibu kila wiki. Ni kweli, na karatasi hizo zina manufaa makubwa. Hata hivyo, aghalabu karatasi huja pamoja na mwongozo wa kusahihisha, na mwanafunzi husoma swali kisha papo hapo akachungulia jibu. Huko ni kurudia kusoma, ila kumevishwa joho la mtihani.

Wala mbinu ya kujipima si jambo geni lililoletwa na wageni. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu na Mombasa, mtoto husimama mbele ya mwalimu akasoma kwa moyo alichojifunza, na hurejeshwa kwenye sura za nyuma ili zisimtoke. Watakaosema kwamba huko ni kukariri tu wana hoja, kwa kuwa mtihani wa Fasihi hauwezi kupitwa kwa kukariri. Lakini mwanafunzi anayeifunga Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na kujaribu kueleza, kwa maneno yake, jinsi maudhui fulani yalivyokuzwa, hutambua upesi mahali asipoelewa. Anayeifungua tena na tena huenda asitambue kamwe.

Uzito wa suala hili uliongezeka tangu mwaka wa 2016, serikali ilipokaza ulinzi wa karatasi za mitihani. Mwaka huo ni watahiniwa 141 pekee nchini waliopata gredi ya A. Mianya ya udanganyifu ikizibwa, mtahiniwa hubaki na kile tu alichokihifadhi, na C+ ndiyo kizingiti cha kusomea shahada.

Mbinu zinazofaa hazihitaji fedha. Karatasi tupu na kalamu vyatosha, hata kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa asiye na uwezo wa kununua vitabu vya marudio. Zinachohitaji ni ratiba tofauti: mada ya Jumatatu irejelewe Alhamisi na wiki inayofuata, nusu saa ya kwanza ya prepu ipite vitabu vikiwa vimefungwa, na mwanafunzi apewe usiku wa kulala.

Anayepanga ratiba hiyo ni mwalimu mkuu, si mwanafunzi. Naye anawajua wazazi wake: wakipita usiku na kukuta madarasa yana giza, watauliza karo yao inafanya kazi gani.