Kompyuta ya yatima



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekulia katika uyatima na akaufundisha umma wake namna ya kumlea yatima.

Ndugu wasomaji, wazazi wengi hunisimamisha baada ya swala ya isha na kuniuliza swali moja kwa sura tofauti. Kijana anataka kompyuta mpakato ya kuchezea michezo, bei zake ni kubwa na fedha ni ndogo. Je, anunuliwe, na kama atanunuliwa, ni ipi? Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu jepesi: mnunulieni ya kawaida ya kusomea, michezo itampotezea wakati. Jibu hilo nililitoa kwa watoto wa wenzangu bila kulipima, mpaka swali lilipoingia nyumbani kwetu.

Marehemu baba yetu aliniusia kumsimamia mdogo wangu pamoja na fungu lake la mirathi. Kijana huyo sasa ana miaka 16, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Ni mpenzi wa kuchora nyumba kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure, na ni mpenzi vilevile wa mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta. Hakunificha hilo la pili. Baada ya kuweka kando ada ya kidato cha tano, niliona kwamba katika fungu lake inaweza kutoka shilingi 1,600,000 kwa ajili ya kompyuta, na isizidi hapo.

Mimi nilikwisha chagua. Nilikuwa nimeona kompyuta ya ofisini iliyotumika, nyepesi, safi, kwa shilingi 750,000. Nikamweleza mdogo wangu faida zake zote: ni imara, betri inadumu, na fedha nyingi itabaki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Kaka, prosesa yake ni ya kizazi cha ngapi?" Sikujua. Tulipotazama tukakuta ni ya kizazi cha sita. Akanieleza kwamba Windows 11 kwa kawaida huhitaji prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tena haikuwa na kadi yake ya michoro, ile wauzaji waiitayo grafiksi. Kwa hiyo kuchora nyumba nzima kungekuwa ni kuivuta mashine kama anayemvuta punda aliyegoma.

Nilikasirika kidogo, nikasema tutazungumza kesho. Usiku ule mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo kompyuta unamnunulia nani?"

Nitasema kweli, kwa kuwa safu hii haina maana kama mwandishi wake anajificha. Mihutasari ya kamati ya msikiti wetu naiandika kwa mkono katika kaunta buku, nami nimechoka nayo. Katika moyo wangu nilikuwa nimeshaiona ile kompyuta nyepesi mezani kwangu jioni za vikao, mdogo wangu akinipa bila kinyongo. Sikuwa nimemwibia mtu. Hata hivyo nasaha yangu ilikuwa imechanganyika na haja yangu, na fedha haikuwa yangu.

Wasomaji wanafahamu jinsi Qur'an ilivyolitia uzito jambo hili. Katika sura ya Al-An'aam, aya ya 152, tumekatazwa kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora kwake. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 10, wanaoila kwa dhulma wamepewa onyo la moto. Ni wepesi kudhani kwamba maonyo hayo ni ya yule ami anayeuza shamba la watoto wa nduguye. Nilijifunza kwamba yanamhusu pia kaka anayechagua kompyuta.

Lakini katika sura hiyohiyo ya An-Nisaa, aya ya 6, kuna amri nyingine ambayo sisi wasimamizi tunaisahau: kuwajaribu mayatima, ili tukiona kwao busara katika mambo ya mali tuwakabidhi kilicho chao. Kubaleghe ni jambo la mwili; rushdi, yaani uongofu wa akili katika matumizi, ni jambo linalotafutwa kwa jaribio. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shaafii wameeleza kuwa mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa sokoni: apatane bei mwenyewe, na ifikapo kufunga mkataba, walii ndiye afunge. Baba yetu alikuwa muuza nguo. Basi asubuhi nikamwambia mdogo wangu, "Chagua wewe, patana wewe, mimi nitakuwa nyuma yako. Sharti ni mbili: usizidishe fedha, na kila utakachochagua unieleze sababu yake."

Alikaa siku nne akiandika. Aliponiletea karatasi yake, juu kabisa aliweka kanuni ambayo nawapa nanyi kama alivyonipa. Katika kompyuta mpakato kuna vitu vinavyoweza kubadilishwa baadaye na kuna visivyobadilishika. Prosesa na kadi ya michoro, katika mashine nyingi za aina hii, zimechomelewa kwenye bodi. Utakachonunua leo ndicho utakachokaa nacho. RAM mara nyingi huongezwa, diski hubadilishwa, betri hununuliwa nyingine. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aiweke kwenye kile kisichobadilika, na akubali upungufu kwenye kile kinachobadilika, baada ya kuhakikisha kwamba mashine aliyoishika ina nafasi ya kuongeza.

Kutokana na kanuni hiyo alibaki na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, yenye kadi ya RTX 3050, kwa shilingi 2,450,000. Duka lilikuwa tayari kutukopesha kwa miezi sita. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, ikiwa bei hiyo moja imekubaliwa tangu mwanzo, wanazuoni wengi wameiruhusu. Lakini karatasi ya duka ilikuwa na kifungu kwamba atakayechelewa ataongezewa kwa kila mwezi. Hiyo ndiyo riba yenyewe, ongezeko la deni kwa sababu ya muda. Tukaiacha.

Ya pili ilikuwa imetumika, yenye kadi ya RTX 2060 na kumbukumbu yake ya GB 6, kwa shilingi 1,550,000. Ya tatu nayo ilikuwa imetumika, yenye kadi ndogo zaidi, GTX 1650 ya GB 4, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha kumi, RAM ya GB 8, kwa shilingi 1,380,000. Kwa karatasi, ya pili inaishinda ya tatu bila mjadala. Tukaenda Kariakoo kuzitazama kwa macho.

Kwa ile ya pili, mdogo wangu hakutazama umbo wala taa za kibodi. Alimwomba muuzaji aiwashe, akafungua programu nzito aliyokuja nayo kwenye flashi, akaiacha ifanye kazi. Muuzaji alitaka kuizima baada ya dakika tano. Kijana akasema kwa upole kwamba tuna subira. Dakika ya kumi feni zilianza kuvuma. Dakika ya kumi na saba mashine ikazimika yenyewe. "Joto la Dar hilo, shekhe," muuzaji aliniambia mimi. Mdogo wangu akaweka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa na kusema kwamba hewa haitoki, ndani kuna vumbi la miaka, na huenda joto hilo limeshaitesa kadi yenyewe. Nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibandiko haikuwa na faida, kwa kuwa mashine haikuweza kuibeba.

Nilimkumbuka Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta ndani kuna maji. Hakuridhika na maelezo ya mwenye mali kwamba ilinyeshewa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Ndugu wafanyabiashara, kompyuta iliyotumika ni lundo la nafaka la zama hizi. Na nanyi wanunuzi, msione haya kuingiza mkono ndani.

Duka la tatu lilikuwa la kijana mwenye maneno machache. Alisema mwenyewe, kabla hatujauliza, kwamba betri imechoka. Mdogo wangu aliagiza mashine itoe ripoti ya betri, kwa amri ya powercfg /batteryreport, tukaona kwamba ilitengenezwa kubeba mWh 52,000 na sasa inabeba 31,000, yaani kama asilimia 60. Aliiendesha nusu saa. Ilipata joto lakini haikuzimika wala kulegea. Alijaribu kila kitufe, kila tundu, bawaba za kioo, kamera na spika. Alihakiki jina la kadi ya michoro ndani ya mashine yenyewe, si kwenye kibandiko. Alisoma chaja: wati 135, kama mashine ilivyotaka, maana chaja ndogo, kama zile za wati 65 za kompyuta za ofisini, humfanya mtu adhani amenunua mashine mbovu. Mwisho aliuliza kama kuna nafasi ya pili ya RAM. Muuzaji akafungua mfuniko, ikaonekana, iko wazi.

"Betri nitainunua mimi siku zijazo," mdogo wangu akasema, "nipunguzie kwa ajili yake." Wakapatana kwa muda mrefu, hakuna aliyepandisha sauti, wakafika 1,270,000. Muuzaji alinigeukia akicheka: "Shekhe, huyu dogo usimlete tena." Hapo nikasogea, nikafunga mkataba kama walii, nikaandikiwa risiti yenye namba ya mashine, kasoro ya betri, na siku saba za kurudisha ikidhihirika aibu nyingine. RAM ya GB 8 ya kuongeza tuliipata kwa 90,000. Shilingi 240,000 zilizobaki zilirudi katika fungu lake, nami nikaziandika mbele ya mama na ami.

Limebaki la michezo, ambalo wazazi hulihofu zaidi. Tulikubaliana saa, na tukakubaliana kwamba muda wa swala haujadiliwi. Lakini hofu yangu kubwa sasa iko pengine. Michezo mingi ya mpira huuza pakiti za wachezaji kwa fedha halisi, na mnunuzi hajui atapata nani mpaka amelipa. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilichunguza michezo kadhaa yenye biashara ya namna hiyo na kuihesabu kuwa kamari, na mwaka uliofuata kampuni ya Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za FIFA. Wenzetu hao hawakuwa wakisoma sura ya Al-Maaida, aya ya 90. Mzazi anayehesabu bei ya mashine na asiulize fedha zitakazotoka kimyakimya kwenye simu yake baada ya hapo, amefunga mlango na kuacha dirisha. Mdogo wangu amenikubalia kwamba hatanunua pakiti hata moja.

Kwa hiyo, mzazi utakayenisimamisha baada ya isha, jibu langu la zamani nimelifuta. Siwezi tena kukwambia "ya kawaida inatosha" kabla sijajua kijana wako anafanya nini na mashine, wala sitakwambia ununue yenye namba kubwa. Mkalishe, mwambie kiasi cha fedha bila kumficha, mpe siku za kutafuta, kisha nenda naye ukasimame nyuma yake. Akikosea katika shilingi chache ukiwepo, ni rahisi kuliko akikosea katika nyingi baada yako. Na kabla ya yote, jiulize lile swali la mama.

Juma lililopita mdogo wangu alinikuta nikiandika muhtasari wa kikao. Akasema, "Kaka, si utumie kompyuta yangu? Mimi nimekuruhusu." Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba maadamu sijamkabidhi mali yake yote mbele ya mashahidi, ruhusa yake ya kunifadhili mimi msimamizi wake haijawa na uzito, na siku itakapokuwa na uzito, inshaallah, nitakuja kuiomba mwenyewe. Alifikiri kidogo, akaniuliza siku hiyo itakuwa lini. Nilimwambia kwamba tangu Kariakoo nimeanza kuihesabu.

Kaunta buku ya kamati imebakiza kurasa chache. Ikiisha nitanunua nyingine.

Wabillaahi tawfiiq.